Mtakatifu Foka Alivyotolewa Jumanne

Mastro Gesualdo Tripepi ndiye aliyekuwa akigonga. Kila Septemba wanaume kumi na wawili husimama chini ya sanamu ya Mtakatifu Foka, mlinzi wa mabaharia, mlangoni pa kanisa, mabega tayari chini ya mipiko ya kuibebea, na hakuna anayeinua hata kidogo mpaka Gesualdo, mpiko wa mbele kushoto, agonge mti mara tatu kwa kifundo cha kidole. Akigonga, mtakatifu anapanda juu na usukani wake mkononi. Asipogonga, hata aje askofu, sanamu haitoki. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake, na mikononi mwake ilikaa miaka ishirini na sita. Nayaandika haya kwa sababu pwani nzima sasa inamtaja kama mtu aliyeacha mpiko njiani, na wanaosimulia wengi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Naitwa Orsola, mwenye mkahawa wa gatini hapa Roccamora, na katika kosa lile nina fungu langu, tena si dogo.

Kwa kazi Gesualdo ni fundi wa boti, ndiyo maana anaitwa Mastro. Karakana yake iko nyuma ya soko la samaki, na wavuvi humlipa nusu kwa samaki. Ni mtu mrefu, mabega mapana, maneno machache, na hayo machache mengi yake ni ya kunichokoza mimi. Kila asubuhi akiingia huuliza kama leo kahawa nimeichemsha au nimeipungia mkono tu, nami humwambia kahawa yangu ni ya watu wenye ulimi, si ya watu wanaolamba lami ya boti. Ndivyo tulivyosalimiana miaka nenda miaka rudi. Mkewe alifariki, binti yake ameolewa Torino, mbali kaskazini, wajukuu anawaona kwenye simu.

Zamani alikuwa mvuvi. Miaka thelathini na mmoja kabla ya haya ninayosimulia, mwezi wa Novemba, alitoka baharini na Saverio, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa pekee wa mjane aitwaye kwa heshima Donna Ersilia. Bahari ikachafuka nyuma ya rasi, boti ikapinduka. Gesualdo akafika miambani, Saverio hakufika. Walimtafuta siku tisa. Hakuna aliyemlaumu Gesualdo, hata mmoja, na mimi nadhani hilo ndilo lililommaliza. Siku ya tatu Donna Ersilia alikwenda kumwona kitandani akamuuliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini mwishoni. Gesualdo akajibu kwamba mawimbi yalikuwa na kelele, hakusikia kitu. Mama akasimama akaenda zake. Tangu siku hiyo Gesualdo hakupanda tena boti isipokuwa imelala nchi kavu, na hakumtazama tena Donna Ersilia usoni.

Donna Ersilia anakaa ghorofa ya juu katika Kichochoro cha Wasokota Kamba. Nyumba nyingine zote za pale zimefungwa, wenyewe wako Torino na Ujerumani, kwa hiyo kichochoro kizima kina mlango mmoja tu unaofunguka. Naye haufungui sana. Hushusha kikapu kwa kamba dirishani, mwuza mkate anatia mkate, kikapu kinapanda. Alhamisi jioni hukiacha chini, na Ijumaa asubuhi na mapema Gesualdo hutia humo samaki waliofungwa kwenye gazeti, kisha huondoka haraka kama mtu aliyeiba. Kikapu kikapanda na kushuka miaka thelathini na mmoja, na hao wawili hawakusemezana neno. Kanisani mama haji, kwa sababu alimkasirikia Mtakatifu Foka, na hata padre alimwelewa. Jumamosi hufua shati jeupe la Saverio, hulianika dirishani, na mchana hulipiga pasi. Mji mzima tulilijua shati lile.

Sasa desturi yetu ni hii. Mtakatifu hutoka Septemba, siku yake. Nje ya siku hiyo hutoka kwa mambo mawili tu. Boti ikipotea, anatolewa kimya, ulimi wa kengele umefungwa kitambaa. Na bahari ikimrudisha mtu iliyemchukua, hata baada ya miaka mingi, anatolewa kwa kengele, maua na matarumbeta, akampokee gatini. Hili la pili nimeliona mara moja, nikiwa msichana, nyavu za boti kubwa zilipovuta mifupa ya mtu aliyepotea miaka minne, tukamjua kwa medali ya shingoni. Siku hiyo mama yake alivua nguo nyeusi akavaa gauni la rangi, maana mtoto anayerudi hapokelewi kwa weusi. Weusi aliuvaa tena kwenye mazishi.

Februari akaja binti wa kampuni ya meli za watalii, kiatu chembamba, kompyuta ya mkononi. Alisema abiria wao wamechoka na bandari kubwa, wamekwisha kuziona zote, sasa wanataka kuvumbua bandari zisizojulikana. Nilimuuliza zisizojulikana na nani, kwa kuwa mimi naijua hii tangu nizaliwe. Akacheka kwa adabu. Meya wetu Ippolito, mwenye duka la dawa, akamtajia tulivyonavyo: kanisa, dagaa wa chumvi, na ngome iliyobaki ukuta mmoja. Binti akaandika bila kuinua macho, akasema mji aliotoka una ngome yenye kuta tatu. Ndipo akaiona picha ukutani kwangu, mtakatifu mabegani mwa wanaume kumi na wawili, akauliza huyu anatoka lini. Tukamwambia Septemba. Meli ingekuja Mei, Jumanne. Akauliza, kwa upole kabisa, kama hawezi kutoka Mei.

Alipoondoka tulikaa mkahawani kujadili. Gesualdo alisema hapana, akarudi kwenye kikombe chake. Ippolito akazungumza mpaka koo likamkauka. Shule imefungwa, watoto kumi na tisa wanapelekwa mji mwingine kwa basi, vijana wanaondoka na hawaaliki mtu harusini kwa sababu harusi zenyewe wanafanyia hukohuko. Meli ikitupenda itakuja mara mbili kwa mwezi, mtu atafungua duka, mwingine atafungua vyumba vya wageni. Padre akatazama sakafu na kusema kwamba sanamu ni mbao, imani ndiyo imani. Kila mtu akamgeukia Gesualdo, na Gesualdo akawa anazungusha kijiko.

Mimi ndiye niliyemvunja. Nilikuwa nimeshaagiza viti vipya kichwani, nimeshavipaka rangi, nimeshavipanga mpaka kwenye kona ya gati. Nikamwambia, "Mtakatifu si mali yako, Gesualdo. Wewe ni bega tu."

Kijiko kikasimama. Kisha akauliza atatolewa kwa namna gani, kwa kengele au bila kengele. Ippolito akasema kwa kengele bila shaka, na maua, kwani tuwaonyeshe wageni matanga? Gesualdo akaweka kijiko chini.

"Basi kila nyumba iambiwe," akasema. "Mlango kwa mlango, mdomo kwa sikio. Si tangazo la karatasi. Asibaki mtu wa kusikia kengele akadhani lisilokuwepo."

Wote tulijua anamsema nani. Katika mji huu wanawake waliopotelewa na watu baharini wamebaki wachache, na aliyebaki akisubiri ni mmoja. Nikasema kwa Donna Ersilia naweza kwenda mimi, mwanamke kwa mwanamke, nitapanda ngazi, nitakaa, nitamweleza polepole. Gesualdo akatikisa kichwa. "Kwake wa kwenda ni mimi."

Juma lile la Mei alizunguka mji mzima baada ya kazi, kofia mkononi. Watu walimfanyia mzaha. Mama mmoja wa upande wa juu wa soko alimwambia kama anatafuta mchumba aanze na nyumba zenye mabati mazima. Mwingine alimuuliza mtakatifu atatoka Jumanne na Ijumaa atakwenda wapi, dansini? Alivumilia yote. Jumatatu asubuhi alikuja kunywa kahawa, nikamuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza."

"Na Wasokota Kamba?"

"Nimemaliza mtaa wote, Orsola. Nimesema nimemaliza."

Alikunywa akaondoka bila kuitukana kahawa yangu. Nililiona hilo. Naapa nililiona, nikasema nitapita mwenyewe kwa Donna Ersilia jioni. Lakini jioni rangi ya viti ilikuwa haijakauka, binti wa kampuni akapiga simu mara tatu kuuliza kuhusu vyoo, na mimi nikajiambia Gesualdo si mtu wa kusema uongo. Hilo ni kweli, si mtu wa kusema uongo. Ndiyo maana nilipaswa kujua.

Jumanne meli ilikuwa imesimama nje ya rasi tangu asubuhi, nyeupe, ndefu kuliko mji wetu. Bandari yetu ina kina kifupi, kwa hiyo abiria walishushwa kwa boti ndogo mpaka kwenye ngazi za gati, watu arobaini kwa kila boti, kofia za majani na simu mkononi. Viti vyangu vilijaa. Sikupata hata nafasi ya kufurahi. Saa nne kengele ikaanza, matarumbeta yakajibu, na Mtakatifu Foka akatokea juu ya barabara ya kanisa, amevishwa maua ya njano, akiyumba juu ya mabega. Gesualdo mbele kushoto, shingo imevimba, macho chini. Ippolito pembeni katika suti nzuri na utepe wa umeya, akiwaonyesha wageni kwa mkono kana kwamba ndiye aliyemchonga mtakatifu.

Walifika karibu na mkahawa wangu Donna Ersilia alipotoka kwenye kona ya soko.

Alikuwa amevaa gauni la buluu. Mikunjo ya miaka ilionekana juu ya kitambaa, mstari mmoja kifuani na mmoja tumboni, jinsi lilivyolala sandukuni. Nywele amezichana na kuzibana. Juu ya mikono yake miwili iliyonyooshwa alibeba shati jeupe lililokunjwa, lililopigwa pasi. Tarumbeta la kwanza likanyamaza, halafu la pili, kwa kuwa wapigaji nao ni watoto wa hapa na waliona gauni wakaelewa. Kengele tu ndiyo iliyoendelea, aliyekuwa juu mnarani hakuwa na habari.

Hakumtazama mtakatifu. Alipita mbele yake kama unavyompita jirani mliyegombana, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi za gati, mahali boti zinapofunga. Boti moja ilikuwa inashusha. Akasimama juu ya ngazi, akamtazama usoni kila aliyepanda. Mmoja mmoja. Wazee wenye fimbo, wanawake wenye miwani ya jua, kijana mwenye ndevu ambaye mama alimtazama muda mrefu zaidi, akamshika kidevu kidogo, akamwacha apite. Wageni walidhani wanakaribishwa. Walimtabasamia, wakamshika mkono pale ulipobeba shati, mama mmoja akambusu mashavu yote mawili. Mwingine akaomba apigwe naye picha, na Donna Ersilia akasimama vilevile, akichungulia nyuma ya bega la huyo mgeni kuona nani anafuata.

Ningekwenda. Nilikuwa hatua thelathini tu. Lakini sikwenda, na sikuwa peke yangu, watu mia mbili wa Roccamora tulisimama pale na hakuna aliyesogea. Aliyesogea ni Gesualdo. Alitoka chini ya mpiko. Katika mji huu mbebaji wa mbele haachi mpiko mpaka mtakatifu arudi ndani. Baba yake Gesualdo aliwahi kutembea njia nzima akiwa amevunjika kidole cha mguu. Sanamu ikalala upande, maua yakamwagika, na Ippolito na suti yake akajitupa kuingiza bega asijue hata aliweke wapi. Gesualdo hakugeuka nyuma. Alikwenda gatini, akavua kofia, akasimama mbele ya Donna Ersilia.

Alipokwenda yeye nami nilisogea, kwa hiyo nilisikia.

"Yuko boti gani?" mama akauliza. "Hii imekwisha kushusha. Ni ile inayokuja?"

"Donna Ersilia."

"Nakuuliza yuko boti gani, Gesualdo."

"Hayumo. Hajapatikana, mama. Mtakatifu tumemtoa kwa ajili ya hawa."

Aliwatazama hao, waliokuwa wameshaanza kuzunguka na simu zao. Nilidhani ataanguka, nikanyoosha mikono. Hakuanguka.

"Kwa ajili ya hawa," akasema. "Na wewe mlangoni kwangu ulifuata nini? Jumamosi ulikuja, jana ukaja. Nilikuona kutoka dirishani. Ulivua kofia, ukaweka mkono kwenye mlango, ukasimama, ukaenda. Miaka yote unaleta samaki na kofia hujawahi kuivua. Nikajiambia, amempata mwanangu, maneno yanamkwama kooni. Nisimsumbue, kengele itasema."

"Nilikuja kukuambia usishtuke."

"Na hukubisha hodi."

"Sikubisha."

Nadhani kama angemtukana, kama angempiga lile kofi alilostahili, sote tungepumua. Badala yake alimuuliza tena lile swali lake la zamani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei.

"Saverio alisema nini?"

Gesualdo akaishika kofia kwa mikono miwili. "Aliniita. Mara ya kwanza, na mara ya pili. Nami nilikuwa nimeshashika mwamba, Donna Ersilia. Nilikuwa nimeshashika, sikuuachia."

Boti nyingine ilikuwa inakaribia gati, na safari hii mama hakuitazama. Akamwekea Gesualdo lile shati juu ya mkono, akalinyoosha kola.

"Kifungo cha mkono wa kushoto ni kipya," akasema. "Kile cha kwanza kiliungua na pasi."

Kisha akapita katikati yetu kurudi nyumbani kwake, polepole, mkono mmoja ukiinua pindo la gauni lisiguse maji ya samaki. Na wageni, ambao hawakuelewa neno hata moja, waliona mzee amepewa zawadi na bibi mbele ya mtakatifu, wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa moyo safi, siwezi kuwachukia, ingawa siku ile niliwachukia. Nilirudi mkahawani nikaingia stoo nikalia huku watu wakigonga meza wakitaka kahawa.

Mtakatifu alirudishwa ndani kwa mabega kumi na moja na la Ippolito. Gesualdo hakuonekana siku nyingi, karakana imefungwa. Ijumaa nilipita Wasokota Kamba mapema kabla ya kufungua. Kikapu kilikuwa chini, kitupu, nami nilikuwa nimebeba samaki kwa ajili hiyo. Nikawatia humo. Kikapu hakikupanda. Mchana paka walikuwa wameshawala. Wiki iliyofuata nikaenda kupiga kelele mlangoni kwa Gesualdo. Nilimwambia amejifungia kama bibi harusi aliyekimbiwa, na kwamba mama yule ana njaa ya samaki wake au hana, lakini yeye hawezi kuamua hilo badala ya mama. Alinijibu kutoka ndani kwamba hana cha kumwambia. Nikasema safari iliyopita alikuwa nacho na hakukisema, basi bora aende mikono mitupu. Kisha nikarudi kwenye meza zangu.

Juni barua ikaja kutoka kwa kampuni. Ippolito aliisoma mkahawani kwa sauti, akaanza na furaha, akaishia akisoma polepole kama mtoto. Abiria walikuwa wamejaza fomu zao. Bandari yetu walikuwa wameipa alama za juu kuliko zote za safari ile. Dagaa waliwapenda, kanisa walilipenda. Lakini kilichowagusa kupita vyote, waliandika, ni yule bibi wa gauni la buluu aliyewapokea ngazini mmoja mmoja akiwatazama machoni. Hakuna bandari nyingine iliyowapokea hivyo. Kampuni iko tayari kuleta meli kila baada ya wiki mbili. Inaomba tu, kama si usumbufu, bibi yule awepo.

Hakuna aliyecheka. Ippolito aliikunja barua mara nne, akasema labda tujibu kwamba bibi ni mgonjwa, au tumtafute mwingine mwenye gauni. Alijisikia mwenyewe alivyosema hilo la pili, masikio yakawa mekundu. Padre akasema ni haki yake aulizwe, na kama hapendi hapendi. Tukatazamana, tukitafuta nani ataibeba barua hii mpaka juu ya ngazi zile.

"Nitakwenda mimi," akasema Gesualdo. Alikuwa amesimama mlangoni, sikumwona alipoingia. Amekonda.

Wote tuliinamisha macho, kwa sababu maneno hayo tulikwisha kuyasikia. Aliona tunavyoinamisha. Akachukua barua mkononi mwa Ippolito akatoka, na mimi, sioni haya kusema, nikavua aproni nikamfuata kwa mbali mpaka kwenye kona ya kichochoro. Alisimama chini ya dirisha, akavua kofia. Akaweka mkono kwenye mlango. Akakaa hivyo muda ambao mimi ningeweza kuchemsha kahawa mbili. Kisha akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, vilevile anavyogonga mpiko, na mlango ukafunguliwa.

Alikaa ndani saa nzima. Alipotoka alinipita akaniambia njoo uandike jibu, wewe ndiye mwenye mwandiko. Nikauliza mama amesemaje. Alisimulia kwa shida. Alimsomea barua yote, na Donna Ersilia, aliyekuwa amerudi kwenye weusi wake, akauliza wale watu walidhani yeye ni nani. Gesualdo akasema walidhani anawakaribisha. Mama akafikiri kidogo, akasema labda kweli aliwakaribisha, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kuwatazama watu wageni kwa hamu namna ile. Ndipo akampa jibu la kuandika, nami nililiandika kama lilivyo, sikuongeza heshima wala salamu: kwamba mwanamke yule alikuwa gatini anamsubiri mtu, na sasa hamsubiri tena.

Ippolito alitia sahihi bila kubishana. Kampuni ilijibu kwa maneno mazuri sana, na Septemba meli ikasimama mji wa pili kaskazini, ule wenye ngome ya kuta tatu. Viti vyangu ishirini viko stoo, rangi yake bado nzuri. Siku ya sikukuu Gesualdo alikataa mpiko wa mbele, akasema aliyeuacha njiani haurudii, akatembea nyuma na wanawake. Waliobaki walisimama chini ya mtakatifu muda mrefu wakitazamana, mpaka kijana wa safu ya pili akajitosa kugonga. Chini ya koti Gesualdo alikuwa amevaa shati jeupe ambalo halikufunga kifuani.

Kama amesamehewa sijui, na sijamuuliza yeyote kati yao. Najua Donna Ersilia hakushuka kuona maandamano, dirisha lake lilifungwa. Najua pia kwamba Alhamisi jioni hakiachi tena kikapu chini. Ijumaa asubuhi Gesualdo anapita mbele ya mkahawa wangu na samaki kwenye gazeti, ananiuliza kama kahawa nimeichemsha, haningojei nijibu. Anakwenda Wasokota Kamba, anabisha.